Jozani kwa daladala: usikimbilie kima ukaacha mikoko

Nimekaa nikijiuliza niandike au niache, maana kuhusu msitu wa Jozani kila mtu ashaandika, kima wekundu, kima wekundu, picha ya mgeni kacheka na kima nyuma yake, basi yamekwisha. Ila mie nawaandikia watu wetu wa hapa hapa, wa Mpendae, wa Jang'ombe, wa Kwamtipura, waliozaliwa Unguja wakapita Jozani mara mia wakienda harusini Makunduchi au kwenye sherehe za Mwaka Kogwa na hawajateremka hata siku moja. Na mie nilikuwa hivyo hivyo mpaka umri huu. Jozani kwangu ilikuwa ni pale gari inapopunguza mwendo kwa ajili ya matuta, unaona miti mirefu huku na huku, kibaridi kinaingia dirishani, alafu msitu unaisha na jua linarudi.

Nyota nne na nusu kwa pamoja, msitu na mikoko. Hiyo nusu niliyoizuia ntaisema mbele.

Ilikuwaje mpaka nikenda, wifi yangu kaja kutoka Dar wiki moja kutembea, siku ya pili tu kashaanza "wifi mie nataka kuwaona wale kima wenu". Haya. Tukauliza teksi moja mjini, bei aliyotutajia yule bwana nikamwambia kaka yangu, sie tunakwenda kuwaangalia kima, hatwendi kuwanunua. Kacheka mwenyewe. Lakini hakushusha, na akaongeza ati gari za abiria hazisimami kule. Uongo mtupu huo, na ndio sababu ya mwanzo nnaandika hapa, watu wanadanganywa.

Gari zinasimama, na ziko tele. Gari yoyote inayokwenda kusini kwa njia ya Kitogani lazima ipite mlangoni mwa Jozani, hakuna njia nyengine: 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi, 324 ya Bwejuu, 326 ya Kizimkazi. Huna haja ya kukariri namba, we uliza tu "inapita Jozani?" na konda atakwambia panda hata kama gari imejaa mpaka mlangoni. Kutoka mjini ni kama kilomita 35. Kwa gari ndogo ni chini ya saa moja, kwa daladala hesabu saa moja na nusu kwa sababu itasimama Mwanakwerekwe ijaze, itasimama Tunguu ishushe wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA, itasimama popote mtu akigonga bati. Sie tulipanda saa moja na nusu asubuhi, saa tatu tupo getini. Nauli ni hela ndogo tu, kwa bei ya yule bwana wa teksi wallahi tungekwenda Jozani wiki nzima na chakula tukala.

Kaa upande wa dirisha ukibahatika. Na usibebe begi kubwa, litawekwa juu ya keria pamoja na magunia ya unga na godoro la mtu.

Garini tulikaa na bibi mmoja anarudi kwao Makunduchi, kikapu mapajani, kanga mbili, anatutizama viatu. Tulikuwa tumevaa raba wote wawili, wifi ana na kofia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnakwenda wapi mbona mmejifunga hivyo?"

"Jozani bibi, kutembea msituni."

"Kutembea? Mmepoteza ng'ombe?"

Watu wote garini wakacheka. Nikamwambia hatujapoteza kitu bibi, tunatembea tu, kutizama. Akanyamaza kidogo, gari ishafika Tunguu ndio akasema, "Sie tukiingia msituni kutafuta kuni. Wala hatulipi kiingilio." Wakacheka tena. Lakini bibi yule ndiye aliyenipa darasa kabla ya muongozaji, akanambia mkifika kwenye mikoko mtafuteni mkandaa, ganda lake linatoa rangi nyekundu, zamani wakitilia ngozi na nyavu, na akanambia niangalie maji, "leo mwezi kumi na sita, mtayakuta yametoka." Mwezi kumi na sita yani wa Kiislamu. Hilo la maji ntalirudia maana ndio siri yenyewe ya safari hii.

Konda wetu, tulimwambia mara tatu kwamba tunashuka Jozani na mara tatu kasema sawa dada, na bado akatupitisha. Tumeruka tuta la kwanza, la pili, nikaanza kupiga bati mwenyewe, tukashushwa mbele huko tukarudi kwa miguu kama dakika kumi. Sikukasirika sana kwa sababu ile barabara ndani ya kivuli ni raha kuitembea, ila angalia magari, yanakuja mbio. Yale matuta yamewekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa sana wakivuka, yani si ya kutuzuia sie, ni ya kuwavusha wao. Kwaiyo ushauri: ukiona miti imefunga juu ya barabara kama paa, inuka kabisa kitini uelekee mlangoni.

Getini bebeni kitambulisho cha Mzanzibari au cha Mtanzania, jamani, mwenyeji halipi sawa na mgeni, tofauti ni kubwa sana, ila lazima uoneshe. Wifi alikuwa nacho, mie mwenye nchi yangu nimekiacha kwenye mkoba mwengine hahaha. Nikaokolewa na picha iliyokuwamo kwenye simu. Muongozaji unapewa, huingii peke yako, na mwanzo mie sikulipenda hilo, nilitaka nitembee kwa nafasi yangu. Nimebadili mawazo baada ya robo saa. Kijana tuliyempata anatoka vijiji vya pale pale, kila mti anaujua kwa jina na kwa kazi yake, hasomi kama kasuku. Mpe chochote mkimaliza, anastahiki.

Sasa msitu wenyewe. Kuna kitu sikuwahi kukifikiria: kwa nini pale tu ndipo pana miti mirefu vile wakati ukitoka kidogo huku na huku ni mawe na vichaka? Jibu ni maji. Pale chini maji yako karibu sana na uso wa ardhi, mizizi haipati shida, na masika ikikolea maji yanapanda mpaka msitu unageuka bwawa. Ndio maana miti yake mingi ni ile inayopenda kuloa, mitondoo, michikichi, mikindu ile ya ukili wa kusukia mikeka. Mtondoo nilikuwa naujua kwa jina tu kwamba ni mbao za vyombo vya baharini na mbegu zake zilitoa mafuta ya kuwashia taa, sikuwahi kusimama chini yake. Mkubwa yakhe. Unainua shingo mpaka inauma. Na hewa ya mle ndani ni nyengine, baridi, inanuka majani yaliyooza kwa uzuri wake, kama mtungi wa maji wa udongo.

Njia ni ya tambarare, haipandi wala haishuki, mtoto wa miaka sita anaitembea. Mizizi tu ndio ya kuangalia, imetoka juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na tope kama mvua imenyesha. Kandambili sahau. Mbu wapo, sisemi hawapo, vaa mikono mirefu.

Kima. Haya, wapo, na wazuri kweli. Mgongo mwekundu, mabega meusi, nywele nyeupe zimesimama kichwani kama mtu kaamka sasa hivi. Hapa kwetu wanaitwa kima punju, na punju ni sumu, wazee walikuwa hawawapendi kabisa, wakisema wana harufu mbaya na mti wanaoukalia unakufa, na mbwa akimla mmoja nywele zinamnyonyoka. Muongozaji anasimulia hayo huku anacheka, wakati kima mmoja yuko juu ya kichwa chake anatafuna majani hana habari. Ni kima ambao hawana kidole gumba, nimewatizama mikono kwa makusudi, kweli hakipo, wanashika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Na hawali matunda yaliyoiva, tumbo lao haliwezi sukari, wanakula majani na matunda mabichi. Ndizi utakayompa utamuuguza. Usimpe. Na wale wanaoshinda kwenye mashamba na kwenye mikungu na miembe ya watu wanakula makaa! Makaa haya haya ya kupikia, wanaokota jikoni kwa watu, kwa sababu yale majani yana vitu vya kuwasumbua tumbo na makaa yanavinyonya. Nani kawafundisha, sijui. Bibi yangu mie alikuwa akitupa makaa ya kusaga tukiumwa tumbo, kwaiyo huenda sie ndio tuliojifunza kwao.

Duniani kote hawapatikani kwengine, ni Unguja tu, na msitu wa Ngezi kule Pemba walipelekwa wachache miaka ya 1970. Kwa kitu cha namna hiyo, kilichopo saa moja na nusu kutoka Darajani mjini, sie tunapita na gari tunatizama simu.

Lakini nseme ukweli wangu. Nusu saa na kima inatosha. Wale wa karibu na barabara wameshawazowea watu mpaka imekuwa kama kwenda kuangalia paka, na siku ile lilikuwepo kundi la wageni kama ishirini, kila mmoja na simu, mmoja anachuchumaa karibu kabisa apige picha wakati kaambiwa asimame mbali. Muongozaji wao kasema mara mbili, bwana yule anajifanya hasikii. Wifi akanong'ona "huyu kima akimkojolea ntafurahi". Hakumkojolea. Nenda mapema kabla ya makundi, hilo tu.

Paa nunga hatukumuona, na msitegemee kumuona, ni mmoja katika wanyama adimu kabisa, mdogo, mwekundu, mwenye haya, duniani amebaki hapa kwetu na sehemu za pwani ya Kenya. Pelele na komba ni wa usiku. Na chui usiniulize. Nilipokuwa mdogo tukitishwa na chui wa kufugwa, ati kuna watu shamba wana chui wao wanawatuma usiku, na muongozaji nilipomuuliza akatabasamu akasema "dada, hilo ulizia kijijini, si kwangu."

Basi sasa tufike nnapopataka mie.

Wengi wakishaona kima wanarudi garini. Tumewaona kwa macho yetu, lile kundi la ishirini, wamepiga picha wakapanda basi lao la baridi hao Paje. Na kiingilio washalipa! Upande wa pili wa barabara, kuelekea kijiji cha Pete, kuna njia ya mikoko, imo humo humo katika tiketi, muongozaji anakupeleka ukimwambia. MWAMBIENI. Sie tumevuka, tumepita jua kali kidogo, vichaka vya juu ya mawe ya matumbawe, majani magumu madogo madogo, unaona kabisa kwamba hapa maji matamu hakuna, alafu ghafla ardhi inalainika, rangi inageuka, unasikia harufu ya pwani, na unapanda kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope.

Na kimya. Jamani kile kimya. Si kimya hasa, maana ukisimama unasikia tope linasema, chak, chak, chak, vitundu vinapumua. Tulifika kama saa tano, maji bado yametoka kama alivyosema bibi, tope liko wazi, na juu yake maelfu ya vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa kuliko mwili, wote wanalipunga kwa pamoja kama watu wanakuita ng'ambo ya barabara. Ukikanyaga ubao kwa nguvu wote wanapotea, kufumba na kufumbua. Ukitulia wanarudi mmoja mmoja. Wifi alikaa chini kabisa kwenye mbao dakika ishirini anacheza nao mchezo huo, mtu mzima, mhasibu wa kampuni. Na wale samaki wanaotembea juu ya tope kwa mapezi, macho yametoka juu ya kichwa, wanaruka mpaka kwenye mizizi. Mie nimekulia kisiwani na sikuwahi kuwatizama.

Muongozaji alitutajia mikoko mmoja mmoja. Mkoko wenyewe ule ambao mizizi yake inaanzia juu ya shina ikashuka kama miguu ya kaa, unasimama juu ya maji bila kuzama kwenye tope. Mchu ndio ule unaotoa vidole vingi vimesimama wima ardhini kama penseli zimechomekwa, hizo ndizo pua zake, tope halina hewa kwaiyo anavuta hewa kwa juu. Na mchu ukilamba jani lake lina chumvi! Anavuta maji ya bahari, chumvi anaitoa kwenye jani. Nimelamba, ndio, na wifi kalamba, na kweli. Mkoko wa miguu ya kaa yeye ana ustadi mwengine, chumvi anaizuia huko huko mizizini isipande. Alafu muia, mlilana, na mkandaa wa bibi, tukaukuta, mdogo tu, muongozaji akatuonesha ganda lilipokwanguliwa kidogo, jekundu ndani kama nyama. Nilitaka nimpigie bibi simu, nikakumbuka sina namba yake wala jina lake.

Mbegu ndio zilizonimaliza. Mkoko haudondoshi mbegu kama miti mingine, mbegu inaota ingali mtini, inaning'inia ndefu kama bamia iliyozidi, kijani, na inapokuwa tayari inaanguka na ncha chini, maji yakiwa yametoka inachomeka pale pale kwenye tope, maji yakiwa yamejaa inaelea na kwenda kuanza maisha kwengine. Yani mzazi hamwachii mwanawe mpaka ana mzizi. Tuliona miche mingi imesimama chini ya mama zao, majani mawili mawili, kama wanafunzi wa skuli mstarini asubuhi.

Na hivi mnajua kwamba nyumba za Mji Mkongwe zimesimama juu ya miti hii? Boriti. Zile boriti za dari ni mikoko, na ndio sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, basi, mti haukurefuka zaidi ya hapo. Majahazi yakichukua boriti hizo mpaka Arabuni. Nimelala miaka saba kwenye chumba cha namna hiyo kwa shangazi yangu Mkunazini nikilalamika kwamba kitanda na kabati haviingii pamoja, leo ndio nimemjua wa kumlaumu.

Siku hizi kukata ni marufuku pale, ni hifadhi ya taifa tangu 2004, Jozani na Ghuba ya Chwaka pamoja, na mwaka 2016 UNESCO wakaiingiza katika hifadhi zao za baiyosfia za dunia, yani za viumbe na mazingira wanamoishi. Faida yake iko sokoni mwenu, kamba na samaki wengi wanapokuwa wadogo wanajificha kwenye mizizi hii, bila mikoko msitegemee changu wa bei nafuu.

Sasa siri ya maji, shikeni kalenda ya Kiislamu. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, tarehe 29, 30, 1, na 14, 15, 16, ni bamvua, maji yanatoka sana na yanajaa sana. Siku hizo hapa Unguja maji yanakuwa yametoka kabisa mnamo saa nne saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi jioni au kidogo baada ya hapo. Ukitaka vikaa na tope na mizizi wazi, nenda bamvua asubuhi kama sie. Ukitaka maji yamejaa mpaka chini ya mbao, kijani yote imejiangalia humo kama kioo, nenda siku hizo hizo jioni, au maji mafu asubuhi, mwezi saba mwezi ishirini na mbili hivi, ila hayatajaa kwa kishindo. Sie tulibahatika vyote kidogo kidogo, kwa sababu tulichelewa kuondoka, na tukawa tunatizama maji yanaanza kurudi kwa chini, hayana mawimbi, hayana sauti, unaona tu kaa anahama, anahama, alafu pale alipokuwa panang'aa.

Hapo ndipo penye nusu yangu ya nyota: njia ya mbao inaisha mapema. Ndio kwanza umeanza kunogewa unajikuta umezunguka umerudi ulipoanzia. Mie ningetembea mara tatu ya ile, mpaka nione bahari yenyewe. Tukazunguka mara ya pili kwa ruhusa ya muongozaji, mara ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza.

Kula: bebeni chenu. Sie tulibeba mkate wa ufuta, mayai na chai kwenye chupa, tulikula baada ya kutoka, nje, kivulini. Maji ya kunywa nunueni mjini, tulipita kibanda kimoja njiani wanatuuzia maji ya moto kwa bei ya hotelini, na nilipoongea Kiswahili bei ikashuka nusu papo hapo, ndio ujue.

Watu watauliza na Ngezi je. Nilikwenda mwaka juzi, Pemba, nako kwa gari za abiria: meli mpaka Mkoani, 603 mpaka Chake, hapo unatafuta ya Konde, na Konde unamalizia kwa boda au kwa miguu kilomita nne tano. Kwa msitu peke yake Ngezi inaishinda Jozani, nasema bila kuogopa watu wa kwetu, ni mrefu zaidi, mzito zaidi, watu hakuna, ina mpapindi ambao ni mnazi wa mwitu wa Pemba tu duniani kote, na jioni wale popo wakubwa wa Pemba wanapita juu kama kanga zimepeperushwa. Ukiendelea mbele unatokea Vumawimbi, mchanga mweupe na hakuna hata mtu wa kukuuzia bangili. Lakini ni safari ya kulala, si ya kwenda na kurudi, na gari za kurudi Konde jioni si za kuchezea. Jozani unatoka asubuhi umeacha mchele umelowekwa na unarudi kuupika.

Kurudi: simama ng'ambo ya barabara mbele ya geti, kivulini, punga mkono kwa kila daladala inayotoka kusini. Mchana zinakuja nyingi, jioni zinapungua na zinakuja zimejaa, kwaiyo usingoje magharibi. Yetu ilikuwa ya Jambiani, imebaki nafasi moja na nusu, tukaingia. Konda akampa wifi mfuko wa plastiki amshikie mapajani, "dada nisaidie tu mpaka Mwanakwerekwe", wifi hakuuliza una nini. Tulipofika Tunguu mguu mmoja wa pweza ukachomoza taratibu ukamgusa mkono, na mpaka leo Dar nzima inaijua stori hiyo kuliko ya kima.